Gololi Inayojua Chini ni Wapi

Kuna methali tumeizoea mno hadi hatuisikii tena: ajali haina kinga. Husemwa msibani, husemwa pembeni ya basi lililolala ubavu, na wakati mwingine husemwa na yuleyule aliyelijaza basi hilo kupita kiasi. Leo nataka kubishana nayo kidogo. Ushahidi wangu ni kitu kinachoenea kiganjani: kipande kifupi cha bomba chenye gololi ndani yake, kinachofungwa kwenye mfumo wa oili wa pikipiki ya theluji yenye turbo. Kazi yake ni moja tu. Pikipiki ikipinduka, gololi inaanguka na kuziba njia, oili isiende isikotakiwa.

Utaniuliza, sisi na pikipiki za theluji wapi na wapi? Wengi wetu theluji tunaijua kwa kuitazama kwa mbali, juu ya Kilimanjaro, na hata hiyo inazidi kupungua. Lakini hapa tunapenda hadithi, na kila kifaa, hata kiwe kidogo namna gani, kina ukoo wake. Ukoo wa gololi hii unaanzia kwenye kifo cha mtoto wa miaka miwili.

Joseph-Armand Bombardier alizaliwa mwaka 1907 katika jimbo la Quebec, Kanada, akaja kuwa fundi wa magari mwenye gereji yake katika mji mdogo wa Valcourt. Kiangazi kazi haikukosekana. Baridi ikiingia, theluji ilifunga barabara, watu wakayaegesha magari yao kwa miezi na kurudi kwenye farasi. Fundi asiye na gari la kutengeneza hubaki na mawazo yake, na mawazo ya Bombardier tangu utotoni yalikuwa yaleyale: chombo cha moto kitakachopita juu ya theluji badala ya kuzama ndani yake. Akiwa na miaka 15 alikwisha kufunga injini kuukuu ya Ford kwenye kitoroli cha kuteleza, akaweka pangaboi nyuma, akakiendesha kijijini. Baba yake alipoliona lile pangaboi linazunguka wazi vile, akaamuru kitu kizima kivunjwe. Ukiniuliza mimi, baba hakukosea.

Majira ya baridi ya mwaka 1934, mtoto wake Yvon aliugua kidoletumbo. Hospitali ya karibu ilikuwa Sherbrooke, umbali wa kilomita 50 hivi. Barabara zilikuwa zimefungwa na theluji, na chombo ambacho Bombardier alikuwa akikijaribu kilikuwa bado hakijakamilika. Mtoto akafa.

Hebu mfikirie baba huyo. Hakuwa mtu asiye na uwezo. Alikuwa fundi, tena fundi hodari, mwenye nusu ya jibu imelala kwenye gereji yake mwenyewe. Mwaka 1937 akapata hataza ya mfumo wa gurudumu la meno linalozungusha mkanda wa mpira, na gari lake la B7, lenye nafasi ya watu saba, likaanza kuuzwa. Madaktari wakalinunua. Magari makubwa zaidi yaliyolifuata yakabeba barua, wagonjwa, hata watoto wa shule. Kisha mwaka 1948 serikali ya Quebec ikapitisha sheria ya kusafisha theluji barabarani, na mauzo yakaporomoka. Ndiyo maisha ya uvumbuzi: shida ikitatuliwa kwa njia nyingine, wewe tafuta kazi nyingine. Mwaka 1959 Bombardier akatoa chombo kidogo cha mtu mmoja au wawili, chenye skii mbili mbele na mkanda mmoja chini, akakiita Ski-Doo. Alifariki mwaka 1964, kabla hajaona kilivyogeuka. Chombo kilichozaliwa na msiba kikawa chombo cha starehe. Watu walianza kukipeleka milimani, mbali na barabara, mbali na hospitali, kwa raha zao.

Na milimani ndiko pikipiki ya theluji inakopinduka. Mwendeshaji anapanda mteremko mkali, mkanda unachimba theluji badala ya kuishika, skii za mbele zinanyanyuka, na chombo chenye uzito wa kilo mia mbili na ushei kinarudi kinyumenyume na kulala chali. Wenye mchezo huo wanaihesabu kama sehemu ya mchezo. Unatoka chini ya theluji, unajikung'uta, unakigeuza, unawasha, unaondoka.

Unawasha. Neno hilo ndilo lenye kesi.

Kwa miaka mingi kuwasha hakukuwa na shida kubwa, na sababu ni aina ya injini. Kama umewahi kumwona mtu wa msumeno wa mnyororo akichanganya oili na petroli kwenye chupa kabla ya kujaza tangi, basi umeshaielewa injini ya mipigo miwili. Oili yake haina makazi. Inaingia, inalainisha, inaungua, inatoka na moshi. Hata zile zilizowekewa tangi lake dogo la oili, safari ni ya kwenda tu, hakuna kurudi. Ski-Doo ya kwanza ilikuwa na injini ndogo ya mipigo minne, ya nguvu farasi 7, lakini muda si mrefu injini za mipigo miwili zikatawala kwa sababu ni nyepesi na zina nguvu. Ukizipindua, hakuna bwawa la oili ndani la kumwagika.

Tatizo lake lilikuwa moshi. Mji wa West Yellowstone, jimbo la Montana, uko kwenye mlango wa magharibi wa Hifadhi ya Yellowstone. Siku za baridi isiyo na upepo, pikipiki za theluji zilipanga foleni langoni, na ule moshi wa bluu ukakaa palepale bila kuondoka. Askari wa hifadhi waliokuwa wakikata tiketi walipigiwa hewa safi ndani ya vibanda vyao, na mwaka 2002 wakapewa vifaa vya kupumulia vya kufunika uso. Fikiria picha hiyo: mlinzi wa mbuga, katikati ya hewa ambayo watu husafiri maelfu ya kilomita kuifuata, amevaa kama mtu wa kiwanda cha kemikali. Kesi zikafunguliwa, marufuku ikatangazwa, ikapingwa, mahakama zikavutana. Mwaka huohuo wa 2002 shirika la mazingira la serikali ya Marekani likaweka viwango vya moshi wa pikipiki za theluji. Na kuanzia majira ya baridi ya 2004 kuelekea 2005, Yellowstone ikaruhusu pikipiki 720 tu kwa siku, zote na mwongozaji, na karibu zote za teknolojia safi, yaani kwa wakati ule, za mipigo minne.

Kwa hiyo oili ikarudishiwa nyumba. Injini ya mipigo minne haichomi oili yake. Inaitunza na kuizungusha. Pampu inaivuta, inaisukuma kwenye beringi na pistoni, kisha inadondoka yenyewe kwenda chini na kurudishwa. Katika pikipiki nyingi za theluji za aina hii oili haikai chini ya injini kama kwenye gari dogo, bali kwenye tangi la pembeni. Sasa, injini yoyote huvuja gesi kidogo kupita pembeni ya pistoni. Gesi hiyo ikichanganyika na ukungu wa oili inahitaji pa kutokea, la sivyo shinikizo litapasua sili. Basi tangi likapewa mpira wa kupumulia, na mpira huo ukaelekezwa kwenye boksi la hewa ambako injini inavuta pumzi yake, ili ule ukungu uungue badala ya kuachiwa ovyo. Ni mpango mzuri, maadamu juu kunabaki juu na chini kunabaki chini.

Kisha ikaja turbo. Sababu yake tunaijua sote ambao tumewahi kupanda mlima au kusikia simulizi za waliopanda: huko juu pumzi haitoshi. Mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni kama asilimia 70 ya ile ya pwani, na injini nayo inapungukiwa nguvu kwa kiasi hichohicho. Mhandisi wa Uswisi Alfred Büchi alipata hataza ya wazo la turbo mwaka 1905: moshi wa ekzosi unazungusha feni moja, feni hiyo iko kwenye mhimili mmoja na feni ya pili, na ya pili inaishindilia hewa ndani ya injini. Ila aliyethibitisha kwamba ni dawa ya mlimani ni Mmarekani Sanford Moss. Mwaka 1918, yeye na wenzake walipandisha injini ya ndege aina ya Liberty juu ya lori hadi kilele cha Pikes Peak, Colorado, zaidi ya mita 4,300. Injini iliyokuwa ikitoa takriban nguvu farasi 350 kule chini ilishuka hadi 230 hivi pale juu. Ilipofungwa turbo ikatoa 356. Mlima ukawa kana kwamba haupo.

Miaka zaidi ya 80 baadaye, mafundi wa maeneo ya milima ya Marekani na Kanada wakaanza kuzifunga turbo pikipiki za theluji za mipigo minne, kama Yamaha RX-1 iliyotoka na injini ya ukoo mmoja na pikipiki za barabarani. Sababu ni ileile ya Moss. Lakini turbo ina mahitaji yake. Mhimili wake unaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na unaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili hiyo ikishamaliza kazi inateremka yenyewe, kwa uzito wake tu, kurudi ilikotoka.

Sasa tukusanye hesabu. Tuna tangi lililojaa oili ya moto. Tuna mpira unaotoka juu ya tangi kwenda kwenye njia ya hewa. Tuna turbo inayofyonza hewa kutoka njia hiyohiyo kwa nguvu. Pindua chombo. Juu ya tangi sasa ni chini, na ule mpira wa kupumulia umegeuka bomba la kumwagia. Oili inatiririka kwenye boksi la hewa, inafika kwenye turbo, inaendelea hadi kwenye injini. Ikiwa kidogo, utapata wingu la moshi mweupe na plagi zilizolowa. Ikiwa nyingi, itajaa juu ya pistoni, na kimiminika hakishindiliki kama hewa. Mwendeshaji akibonyeza kuwasha, pistoni inagonga ukuta, na kitu kinachopinda ni konrodi.

Wengine watasema, si injini tu? Injini inanunuliwa. Kweli. Lakini ikumbuke theluji ya milimani, inayofika kifuani, jioni, kipimo cha joto kikiwa kimeteremka chini ya sifuri, na barabara iko kilomita 30 nyuma. Kwenye theluji hiyo mtu hatembei, anaogelea. Injini isipowaka, mtu huyo amerudi Valcourt, mwaka 1934, hospitali iko kule na chombo hakiendi.

Tatizo hili la kimiminika kupotewa na chini si geni, na limewahi kupata mganga wake angani. Mwaka 1940, katika mapigano ya anga ya Uingereza, marubani wa Spitfire na Hurricane waligundua kwamba wakisukuma pua ya ndege chini ghafla, petroli ndani ya kabureta inarushwa juu, injini ya Merlin inakohoa kwa njaa, kisha inafurikwa. Ndege za Wajerumani zilipigiwa petroli moja kwa moja ndani ya injini, hivyo zilipiga mbizi bila wasiwasi na kutoroka. Aliyepata dawa ya haraka alikuwa mhandisi mwanamke, Beatrice Shilling, wa kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough. Huyu hakuwa mtu wa mezani: mwaka 1934 aliendesha pikipiki yake ya Norton kwenye uwanja wa Brooklands kwa mwendo wa zaidi ya maili 100 kwa saa. Alichobuni ni kikofia cha shaba chenye tundu katikati, ambacho baadaye kilikuwa washa bapa tu, cha kupitisha petroli inayotosha nguvu kamili ya injini na si zaidi. Mwaka 1941 yeye na kikosi chake kidogo wakazunguka kwenye viwanja vya ndege wakizifunga, bila kulazimika kuzing'oa ndege kazini. Hakikuwa suluhisho la mwisho. Kabureta bora zilikuja baadaye. Kilikuwa suluhisho la kufika kesho.

Magari nayo yalipata somo lake. Katika miaka ya 1970, kanuni za usalama za Marekani zilianza kudai kwamba gari likishagongeshwa kwa majaribio, ligeuzwe taratibu kama mshikaki jikoni, na petroli isivuje kupita kiasi kidogo kilichowekwa. Vali za kuziba njia ya hewa ya tangi pale gari linapopinduka zikawa kitu cha kawaida. Kwa hiyo gololi yetu haikubuniwa kutoka mbinguni. Ni mjukuu wa mawazo ya watu waliokubali kwamba chombo kitapinduka, wakauliza, kikishapinduka, nini kifuate?

Tuingie gereji sasa, maana kifaa hiki ni rahisi kukielewa na rahisi vilevile kukifunga vibaya. Kinawekwa kwenye mpira wa kupumulia, kati ya tangi la oili na boksi la hewa, karibu na tangi iwezekanavyo, kikiwa kimesimama wima. Wima ni lazima. Gololi haina akili nyingine isipokuwa uzito wake. Ukiilaza upande, itafunga wakati mwendeshaji anakata tu mteremko kwa ubavu, jambo analolifanya kutwa nzima, au itachelewa kufunga wakati amepinduka kweli. Mshale uliochorwa kwenye vali uelekee upande hewa inakokwenda, yaani boksi la hewa. Tundu lake lisiwe jembamba kuliko mpira wenyewe, kwa sababu injini yenye turbo huvuja gesi nyingi zaidi, na hapa ndipo fundi asiye makini anapoumia: vali inayobana pumzi ni mbaya kuliko kutokuwa na vali. Shinikizo likipanda ndani, sili zinasukumwa nje, oili ya turbo inashindwa kuteremka, na umeleta kwa mikono yako ajali uliyokuwa ukiikimbia.

Kisha kuna barafu. Pumzi ya injini ina mvuke wa maji. Mpira ukiwa na tumbo, yaani sehemu iliyoning'inia, maji yanatuama pale na kuganda, au gololi yenyewe inagandishwa mahali ilipo. Kwa hiyo mpira uteremke moja kwa moja kuelekea tangi, na upite karibu na joto la injini. Klampu zikazwe, mpira uwe wa kuvumilia oili ya moto. Mwisho wa yote, kabla ya kufunga, kipimo ambacho hakihitaji mashine yoyote: shika vali wima mdomoni, puliza, hewa ipite. Igeuze juu chini, puliza tena, ikatae.

Na hata ikikataa, bado haijamaliza kila kitu. Pampu ya oili ya chombo kilicholala chali inavuta hewa badala ya oili, kwa hiyo injini izimwe mara moja. Ndiyo maana waendeshaji hujifunga ile kamba ya kuzimia. Kikishageuzwa, subiri oili irudi nyumbani. Pima kiwango chake. Fungua boksi la hewa utazame. Ukikuta oili imekusanyika humo, usiwashe. Toa plagi kwanza, zungusha injini, itapike ilichomeza.

Hiyo ndiyo kesi yangu dhidi ya methali. Nakubali inasema kweli nusu. Gololi haimzuii mtu kupinduka, kama vile B7 haikuzuia kidoletumbo cha mtoto yeyote wa Quebec. Ugonjwa ulikuja, theluji ilianguka, mlima ulikuwa mkali. Kilichobadilika ni kinachofuata baada ya hapo. Tukisema ajali haina kinga, tunaitazama ajali kama tukio moja, kishindo kimoja, basi. Fundi huiona kama mlolongo wa matukio, na hutafuta pale mnyororo unapokatika. Kati ya kupinduka na kufa njiani kuna nafasi. Ni ndogo, wakati mwingine inatosha gololi tu, lakini ipo.

Historia ya mashine husimuliwa kwa majina ya waliokwenda kasi na waliopanda juu. Ni sawa, tunazipenda hadithi hizo. Ila ukipita gereji yoyote, hata hii ya bodaboda mtaani kwako, mtazame fundi anayeshika kipande kidogo, anakipuliza upande mmoja, anakigeuza, anakipuliza tena. Anamfikiria mtu ambaye bado hajaanguka.